MASWALI YA MAABARA: Shingo ya panya imejaa tezi, ipi ni ipi?

Mwezi huu meseji za panya zimezidi za kitu kingine chochote, sijui mmeambizana, kwa hiyo nimeona bora niziweke zote pamoja tuzimalize. Zilizokuwa ndefu nimezikata, majina nimeyatoa, mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo anko. Mi nasoma maabara mwaka wa pili hapahapa Tanga. Juzi kwenye praktiko tumepasua panya mweupe, Wistar, tulipofunua ngozi ya shingo tukakuta minyama imejaa kuanzia kwenye taya mpaka karibu na kifua. Kwenye grupu letu kila mtu anasema lake, mmoja anasema yote ni tezi moja, mwingine anasema ile ni thairoidi, wa tatu kasema panya mgonjwa huyu, kavimba. Ripoti inatakiwa ya tezi za mate tu na Ijumaa tunakusanya. Nisaidie, ipi ni ipi, na kwenye hadubini nitazijuaje? – Mwanafunzi, Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu. Panya wenu mzima kabisa, huyo wa tatu mwambieni aache kumsingizia. Shingo ya panya ndo ilivyo, na mtu aliyezoea michoro ya binadamu akiifunua mara ya kwanza lazima aone kama kuna uvimbe. Thairoidi nayo itoeni kwenye hesabu, ile imelala ndani kwenye bomba la hewa na juu yake kuna misuli, huwezi kuiona kabla hujaitenganisha hiyo misuli. Mlichokutana nacho baada tu ya ngozi ni tezi za mate, tezi za limfu na mafuta, basi.

Panya ana jozi tatu kubwa za tezi za mate kama wewe: parotidi, ya chini ya taya, na ya chini ya ulimi. Kuna na vingine vidogo vidogo vimetapakaa kwenye ulimi, kaakaa na mashavuni, hivyo kwa macho hamvioni, msihangaike navyo kwa ripoti hii.

Anzeni na ile kubwa ya katikati, ndo ya chini ya taya. Ya kulia na ya kushoto zinakutana katikati ya shingo, zinateremka mpaka karibu na mfupa wa kidari, na kila moja ina gamba lake jembamba kwa hiyo ukiigusa kwa koleo inateleza. Sasa angalia vizuri upande wake wa mbele, kwa pembeni huku nje, utaona kidonge kidogo kimegandamana nayo kabisa, kwa harakaharaka utasema ni sehemu yake. Hicho ndo tezi ya chini ya ulimi. Wanafunzi wengi wanachukua vyote viwili wanatumbukiza kwenye fomalini wanaandika "tezi ya chini ya taya" halafu kwenye slaidi wanakuta sehemu moja nyeupe nyeupe wanaanza kusema tishu imeharibika. Haijaharibika, ni tezi nyingine hiyo. Na mbele zaidi kuna viduara vimoja viwili vigumu, hivyo ni tezi za limfu, havihusiki na mate.

Ushauri wangu, msizitenganishe. Ziacheni zimeshikana, mzikate kwa urefu ili slaidi moja ionyeshe zote mbili bega kwa bega, hapo hata mtu mgeni ataona tofauti bila kuambiwa.

Parotidi ndo inayosumbua watu. Haina umbo. Imesambaa chini ya sikio ikateremka na upande wa shingo, ina vipande vipande vimechanganyika na mafuta, kama uji uliomwagika, mwisho wake uko wapi hujui, na rangi yake na ya mafuta hazipishani sana. Mrija wake unapita juu ya msuli wa kutafunia na kufungukia ndani ya shavu, usawa wa magego. Mrija huo kwa binadamu na wanyama wengine unaitwa kwa jina la Stensen, Mdenmaki, aliuona mwaka 1660 akipasua kichwa cha kondoo Amsterdam, na ule wa tezi ya chini ya taya ni wa Wharton, Muingereza, aliuandika mwaka 1656. Walimu wanapenda kuuliza hilo kwenye orali, ndo maana nimelitaja.

Mtego sasa. Hapo hapo mbele ya sikio, chini kidogo, kuna tezi bapa, imara, ina kingo zimekaa sawa, inapendeza kuliko parotidi yenyewe. Mkono unaivamia hiyo. Ile ni tezi ya machozi, panya ana tezi ya machozi imekaa nje ya tundu la jicho, mbali kabisa na jicho, na mrija wake unaelekea jichoni. Nimeona ripoti nyingi tu zimeandikwa parotidi na picha ni ya tezi ya machozi. Kwa hiyo kanuni ni moja: ukiona kimenyooka na kina umbo zuri, hicho sio parotidi.

Twende kwenye hadubini, rangi ni ile ile ya kila siku, hematoksilini na eosini. Parotidi yote ni ya mate mepesi ya maji. Vishada vya seli ni vidogo, vimebanana, seli zina umbo la piramidi, kiini cha duara kimekaa upande wa chini, chini kuna zambarau iliyokolea na juu kuna chembechembe nyekundunyekundu, hizo ndo ghala la vimeng'enya, amilesi ikiwemo. Tezi ya chini ya ulimi ni kinyume, imejaa ute, seli zimevimba zimepauka, kiini kimesukumwa chini mpaka kimekuwa bapa, na pembeni ya baadhi ya vishada kuna seli chache za maji zimejipanga, wenyewe wanaziita nusu mwezi. Ukitaka kuhakikisha ute paka rangi za ute, PAS au Alsiani bluu, utaona yenyewe.

Tezi ya machozi mkiipata kwa bahati mbaya mtaijua hivi: vishada vyake ni vikubwa kuliko vya parotidi, na kwa panya dume viini vya seli vinapishana ukubwa, vingine vikubwa mpaka vinatisha. Kwa dume ni kawaida, sio kansa.

Ya chini ya taya ndo tamu kuliko zote na hapa nitakaa kidogo. Vishada vyake viko katikati, sio vyeusi kama vya parotidi wala havijapauka kama vya ute. Lakini uzuri uko kwenye mirija. Mate yakitoka kwenye kishada yanaingia mrija mwembamba sana wenye seli fupi, mwisho yanapita kwenye mirija yenye mistari ndo yanatoka nje. Kwa binadamu hiyo ndo njia yote. Panya yeye katikati hapo ana kipande cha ziada, mirija imejipinda pinda, seli zake ndefu zimejaa chembechembe nyekundu ing'aayo, ukiiona hutaisahau, binadamu hana kabisa. Na kipande hicho kinafuata homoni ya kiume, testosteroni. Kichanga hana, kinakuja kukomaa panya akibalehe, na dume anacho kingi na kinene kuliko jike. Kwa panya wadogo wale wa nyumbani tofauti ya dume na jike ni kubwa mno, kwa hawa wakubwa wa maabara ni ya wastani lakini ipo.

Sasa fikiria mtu kampa dawa panya dume, kundi la kulinganisha akaweka majike kwa sababu madume yalikuwa yameisha, halafu anaandika "dawa imenenepesha mirija." Dawa haijafanya kitu hapo. Kwa hiyo ripoti yenu andikeni jinsia na umri wa panya mstari wa kwanza kabisa, kabla hata ya jina la tezi.

Ile mirija yenye mistari, mistari yenyewe ni mikunjo ya utando chini ya seli na mitokondria, vile vinu vya nguvu vya seli, zimejipanga humo, kwa sababu kazi yake inakula nguvu: inanyonya sodiamu kutoka kwenye mate na kuachia potasiamu, na ukuta wake hauruhusu maji yafuate, ndo maana mate yanafika mdomoni yakiwa na chumvi kidogo kuliko damu. Kuzunguka vishada kuna na seli nyembamba zenye mikono, zinajikunja na kuyakamua mate yatoke, hizo kwa rangi ya kawaida mtaona viini vyake tu.

SWALI: Anko, mi ni mwenzake huyo wa Chumbageni. Tezi zetu kwenye slaidi zimetoka zimebondeka pembeni, na parotidi za panya wetu ni ndogo kuliko za kundi lingine, wakati wote wa umri mmoja. Wetu tulikuwa tunawapa chakula tumekiloweka kwa maji maana walimwaga sana. Tatizo nini?

JIBU: Kubondeka ni koleo. Tezi ya mate ni laini mno, ukiishika kwa meno ya koleo seli zinakamuliwa mpaka zinakuwa utepe wa zambarau, shikeni mafuta au gamba la pembeni, tezi yenyewe msiiguse. Na joto la Tanga hili tishu haisubiri mpige picha kwanza, ikitoka tu iingie kwenye fomalini asilimia 10, ikae siku moja hadi mbili.

Parotidi kuwa ndogo, mmejijibu wenyewe. Panya anayekula chakula kigumu anatafuna sana, na kutafuna ndo kunaiamsha parotidi ifanye kazi. Ukimlisha uji uji tezi inanywea, seli zinapungua ukubwa, na ukimrudishia chakula kigumu inarudi. Hilo limeshaonekana mara nyingi sana kwenye panya wanaopewa chakula cha majimaji. Kwa hiyo hamna ugonjwa hapo, ila hayo makundi mawili msiyalinganishe tena, chakula kimewaharibia mlinganisho.

SWALI: Habari kaka. Nafuga panya weupe, nauza mashuleni kwa ajili ya praktiko. Wiki hii karibu wote wamevimba chini ya taya, wanapepesa macho, na puani na machoni inatoka damu. Kuna wengine hawajavimba ila mchana wanakuwa wamelowa shingo na kifua. Niwape antibayotiki gani? – Mfugaji, Mikanjuni

JIBU: Salama kaka. Usinunue antibayotiki kwanza, hela yako itakwenda bure.

Ile nyekundu sio damu. Panya nyuma ya jicho ana tezi inaitwa ya Harder, inatoa rangi nyekundu inaitwa pofirini, panya akiwa na shida yoyote inamtoka machoni na kushuka mpaka puani ikikauka inafanana kabisa na damu. Kama kuna mtu jirani ana ile taa ya kukagulia noti, zima taa ya chumba ummulike, ile rangi itang'aa waridi. Damu haifanyi hivyo.

Kuvimba shingo, macho kusumbua, na banda zima kwa mpigo, hiyo inafanana sana na ugonjwa wa panya unaoletwa na virusi vya jamii ya korona, wataalamu wanaviita SDAV. Usishtuke kusikia korona, hii ni ya panya, sio ile ya watu. Inashambulia tezi za machozi, parotidi na tezi ya chini ya taya, lakini ile ya chini ya ulimi, ile ya ute tupu niliyomwambia mwanafunzi hapo juu, inaiacha. Ndo moja ya njia wanavyoitambua kwenye slaidi: mbili zimeharibika, ya tatu iko salama imekaa katikati yao. Wengi wanapona wenyewe baada ya wiki moja mbili. Sitisha kuingiza panya wapya na sitisha kuzalisha kwa muda, mwite bwana mifugo aangalie kwa sababu mi nasoma meseji tu sijawaona, na tafadhali usiwauzie watu wa shule kipindi hiki. Hata wakishapona, tezi ikijijenga upya seli za mirija zinabadilika umbo kwa muda, sasa mwanafunzi anayetafuta tezi ya kawaida atajifunza kitu sicho.

Hao waliolowa bila kuvimba ni habari nyingine. Panya hatoki jasho mwilini, ana tezi za jasho kwenye nyayo tu, na hawezi kuhema kama mbwa ajipooze. Akizidiwa joto anajipaka mate kwenye manyoya yakauke yachukue joto, na mate hayo mengi yanatoka kwenye ile tezi kubwa ya chini ya taya. Ukiwa Lushoto huko hutaona sana, lakini hapa mjini mwezi wa pili, unyevu wa bahari, mate hayakauki haraka, kwa hiyo anaendelea kujipaka mpaka analowa chapachapa. Toboa madirisha, punguza idadi kwenye boksi, maji yasikauke. Ukishapooza banda na bado kuna mmoja anadondosha mate peke yake, mfungue mdomo uangalie meno ya mbele, yale yanaota maisha yake yote na yakipishana yanamchoma, hawezi kufunga mdomo.

SWALI: Asalaam aleikum. Mwanangu ana perema, mashavu yote mawili. Nyumbani kuna panya, jirani ananiambia panya ndo wameleta, na mwingine anasema dawa zote zinajaribiwa kwa panya kwa hiyo panya nao wanaugua perema. Ukweli ni upi? – Mama, Makorora

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Pole na mgonjwa. Perema ni virusi vya binadamu, mtoto kaambukizwa na mtoto mwenzake kwa mate, kikohozi au kikombe kimoja, panya wa nyumbani hawahusiki. Kinachovimba ni parotidi, tezi ya chini ya sikio, ndo maana ndimu au kitu kichachu kinamuuma, tezi inalazimishwa kukamua ikiwa imevimba. Mpe vya kunywa kwa wingi, vyakula laini, dawa ya maumivu ya watoto kwa kipimo chake, na asiende shule siku hizi. Akiumwa kichwa sana na shingo kukakamaa, akitapika mfululizo, au kama ni mvulana mkubwa korodani ikivimba, nenda hospitali ya Bombo au kituo chochote kilicho karibu, usisubiri asubuhi.

Hilo la panya na dawa, jirani kachanganya lakini kuna jambo zuri ndani yake. Zile tezi za chini ya taya za panya wadogo madume ndimo alimopata Stanley Cohen, Mmarekani, protini moja ambayo akiwachoma nayo vichanga wa panya macho yanafunguka na meno yanaota siku kadhaa kabla ya wakati wake. Pamoja na Rita Levi-Montalcini wa Italia, walikuwa wanafuatilia kitu kinachokuza neva, wakakuta tezi hiyo imejaa vitu vya kukuza seli, tena mle mle kwenye mirija yenye chembechembe nyekundu. Mwaka 1986 wakapewa Nobeli ya tiba, wote wawili. Leo kuna dawa kadhaa za kansa zinazofanya kazi kwa kuziba kipokezi cha ile protini ya Cohen.

SWALI: Kaka, bibi yangu Pangani anasema panya akikuuma anapuliza ili usisikie, ndo maana watu wanaamka asubuhi kisigino kimeliwa. Mate yake yana ganzi? – Msomaji, Ngamiani barabara ya 12

JIBU: Bibi hajasema uongo kuhusu kisigino, watu wanaliwa kweli, hasa mzee mwenye sukari ambaye miguu imekufa ganzi yeye mwenyewe. Ila kwenye mate ya panya tunajua kuna vimeng'enya, ute, chumvi, na zile protini za kukuza seli, na kisa hakihitaji ganzi. Ngozi ya kisigino kwa juu ni tabaka nene la seli zilizokufa, halina neva hata moja, panya anaguguna hapo taratibu na wewe umelala fofofo, mpaka afike kwenye nyama hai ndo unashtuka, kashakimbia.

Cha kuogopa ni bakteria. Mdomoni mwa panya, hata mzima, anaweza kuishi anayeitwa Streptobacillus moniliformis, analeta homa, vipele na maungo kuuma. Aking'ata, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha hospitali, waulizie na sindano ya pepopunda. Na bibi mnunulie soksi na neti aichomekee vizuri chini ya godoro, neti yenye tundu panya anapita.

SWALI: Wale panya buku wa chuo cha kilimo SUA, Morogoro, wanaonusa mabomu na kifua kikuu, mbona mashavu yanajaa hivyo? Ni tezi za mate hizo? – Kijana, Duga

JIBU: Hapana, hiyo ni mifuko ya shavu. Buku anajaza chakula mle anaenda kukificha, ukimuona kanenepa mashavu ujue kabeba karanga au ndizi yake. Tezi za mate anazo, ila ziko chini ya ngozi ya shingo kama panya wengine. Panya wa maabara, Wistar na ndugu zake, mifuko hiyo hana, kwa hiyo ukiona wa maabara kavimba shavu, rudi kasome jibu la mfugaji wa Mikanjuni.